Jumamosi Tano za Laolao

Jumamosi asubuhi, nyumba ya akina Okuyama haikuwa na utulivu. Nje, Baba Kazuto alisukuma theluji kwa sepeto lake pana ili njia ya kwenda shamba la micheri, miti ya matunda madogo mekundu, isizibe. Jikoni, Mama Suyun alikanda unga wa mikate ya mvuke mpaka meza ikatikisika. Bibi Fumi, mama yake baba, alikaa chumbani kwake na redio aliyoifungulia kwa sauti ya juu kabisa.

"Nisipofanya hivi," alipenda kusema, "nitasikia Kichina mpaka mchana."

Maana Jumamosi ilikuwa siku ya Kichina. Tangu Suzune alipokuwa na miaka minne, mama yake alimketisha mezani kila Jumamosi na daftari la miraba na penseli iliyochongwa vizuri. Sasa Suzune alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na mdogo wake Mio aliyekuwa na miaka sita aliketi naye. Waliandika herufi kumi mpya, wakazisoma kwa sauti, mama akawasahihisha huku mikono yake imejaa unga. Shuleni na mjini kote Sagae, huko Japani, msichana huyo aliitwa Suzune. Mama peke yake ndiye aliyemwita Lingling, na akimwita hivyo alikuwa akimwambia jambo kwa Kichina.

Ikifika saa nne kamili, mama aliegemeza kishikwambi kwenye birika na kupiga simu kwao, kijijini Fangzheng, kaskazini-mashariki mwa China. Wazazi wake kule hawakuwa na simu ya kuonana. Mjomba Decheng, aliyefanya kazi mjini, aliwaletea ya kwake kila Jumamosi asubuhi na kuondoka nayo mchana. Kwa hiyo saa ile ilikuwa ndiyo saa yao ya wiki nzima.

"Laolao, rudi nyuma! Tunaona paji la uso tu!" Mio alipiga kelele. Laolao ndivyo watoto walivyomwita bibi yao, mama yake mama.

"Paji langu lina ubaya gani? Akili yote imo humu," alijibu Laolao, akicheka mpaka akakohoa. "Lingling yuko wapi? Njoo nikuone. Umekula nini leo, kipenzi changu?"

Nyuma yake Babu alikaa kimya akimenya mbegu za alizeti. Babu hakuwa mtu wa maneno. Alipungia mkono mara moja mwanzoni na mara moja mwishoni, basi.

Zamani Suzune angemweleza Laolao kila kitu, hata rangi ya soksi zake. Siku hizi alijibu neno moja, "Wali," kisha akajifanya anatafuta raba chini ya meza.

Mambo yalibadilika tangu vuli iliyopita. Siku hiyo alikuwa dukani na mama yake, wakichagua kabichi za kuchachusha kwa ajili ya majira ya baridi. Mama alizigonga moja moja, akazikataa, akazisema vibaya kwa Kichina kwa sauti ile ile aliyoitumia jikoni. Suzune naye akamjibu kwa Kichina, wote wawili wakacheka. Alipoinua macho, akamwona Rena Togashi, msichana wa darasa lake, amesimama kwenye safu ya maziwa na wenzake wawili.

Jumatatu yake, Rena alimwuliza mbele ya darasa, "Juzi mlikuwa mnagombana na mama yako?"

"Hapana. Tulikuwa tunaongea tu."

"Kuongea? Mimi nilidhani sufuria zimeanguka kwenye ngazi!" Rena akaigiza. Darasa zima likaangua kicheko. Haikuwa chuki hasa. Rena alikuwa mcheshi, na kesho yake alimkaribisha Suzune kucheza kama kawaida. Lakini tangu siku hiyo, kila mama alipofungua mdomo mbele za watu, Suzune alizisikia sufuria zile.

"Mama, ongea Kijapani," akaanza kunong'ona.

"Kijapani changu kibovu, unakijua," mama alijibu akitabasamu.

"Basi usiongee."

Mama akambebesha mfuko wa vitunguu, wakatembea mpaka nyumbani bila neno.

Katikati ya Desemba, mama alipata kazi katika nyumba ya kulelea wazee, upande wa pili wa mto. Zamu yake ilijumuisha Jumamosi zote, hata wakati wa sikukuu. Usiku wa kuamkia zamu ya kwanza, alimwita Suzune.

"Lingling, nina kazi ya kukupa, ya mtu mzima. Kesho saa nne umpigie Laolao, wewe na Mio. Msikilize vizuri. Kile kikohozi chake sikipendi. Mwulize analala vipi, anakula nini, kisha uje uniambie. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Asiposikia, rudia polepole. Usimkatie simu."

"Nimesema nitaweza, Mama."

Na kweli alikusudia. Kesho yake saa tatu na nusu alikwisha kuegemeza kishikwambi kwenye birika kama mama alivyozoea. Saa nne kasoro dakika kumi, mlango ukagongwa. Ni Rena na wenzake wawili, mashavu mekundu kwa baridi, kila mmoja na kibao chake cha kutelezea.

"Theluji imeganda vizuri kilimani, twende! Ikifika saa tano wavulana wa darasa la tano watateka mahali pote."

Suzune aliangalia saa. Akiwaambia wasubiri, wangeingia ndani. Wangesimama pale jikoni na kusikia kila kitu.

"Ngoja nivae viatu," akasema.

Mio alikuja mbio na daftari lake. "Dada, Laolao je?"

"Laolao amelala leo. Nenda kwa Bibi ukaangalie katuni."

Kilimani alicheka sana. Aliteleza mpaka suruali ikalowa. Lakini jioni, mama aliporudi na kuuliza kabla hata hajavua koti, "Laolao anasemaje?", Suzune alianza kupanga vijiti mezani. Angeweza kusema ukweli wakati ule. Angekaripiwa kidogo, basi.

"Anasema hajambo," alijibu. "Amekula uji wa mahindi na kabichi chachu."

"Na kikohozi?"

"Kimepungua."

Uso wa mama ulilegea kwa furaha. "Ahsante, mwanangu. Sasa naweza kulala."

Uongo ulitoka kwa wepesi kuliko alivyotarajia, tena ulipokelewa kwa shukrani. Labda ndiyo maana Jumamosi ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Alikuwa peke yake jikoni, anavaa glavu, kishikwambi kilipoanza kulia chenyewe. Kwenye kioo ilitokea picha ya Laolao, ile aliyopigwa mbele ya mlango wao na koti lake la buluu.

Suzune alisimama akaitazama. Nje, Rena alikuwa akimwita, "Suzu! Fanya haraka bwana!" Kishikwambi kililia, kikalia. Akanyoosha mkono, akakilaza kifudifudi juu ya meza. Mlio ulisikika chini yake kama mdudu aliyefunikwa na bakuli, halafu ukakoma. Akatoka.

Hakikulia tena. Si wiki hiyo, wala zilizofuata.

Mio aliambiwa kila wiki kwamba simu imepigwa yeye akiwa kwa Bibi anaangalia katuni. Kila Jumamosi jioni sasa Suzune alikuwa na habari tayari. Laolao amekwenda sokoni mwenyewe. Laolao ameshona soksi. Laolao amemgombeza Babu kwa kumwaga mbegu za alizeti sakafuni. Hiyo ya mwisho ilimfurahisha sana mama, akamsimulia Baba Kazuto na hata Bibi Fumi. Mara moja mama alimwandikia Mjomba Decheng ujumbe wa kumshukuru kwa kuwapelekea wazee simu. Mjomba hakujibu. Mama akadhani ana shughuli nyingi.

Jumamosi ya nne, mama alikaa kitandani kwa Suzune, bado na sare ya kazini.

"Leo nimemwogesha ajuza mmoja, mgongo wake kama wa mama yangu," alisema. "Moyo wangu hautulii. Meneja anasema naweza kupewa wiki moja. Niende sasa hivi, au ningoje mwaka mpya wetu, katikati ya Februari? Wewe ndiye unayezungumza naye. Unamwonaje?"

Suzune alivuta blanketi mpaka kidevuni. Alijua hapa ni mahali pa kusema. Lakini akisema leo, ataulizwa kuhusu wiki iliyopita, na ile ya kabla yake, na mwanzo kabisa.

"Yuko sawa," alisema. "Anasema njia zina theluji nyingi. Uende Februari."

"Amesema hivyo?"

"Ndiyo."

"Basi Februari," mama akasema, akambusu kwenye paji la uso.

Simu ililia siku ya Alhamisi, siku tano baada ya Jumamosi ya tano. Walikuwa wamekaa kula chakula cha jioni. Mama alipoona jina la Mjomba Decheng alishangaa, kwa sababu haikuwa Jumamosi. Alipokea akiwa bado ameshika vijiti vya kulia.

Suzune alielewa kila neno. Kichina chote alichojifanya amekisahau kilikuwepo kichwani mwake, safi kabisa.

"Mama ametutoka asubuhi hii," mjomba alisema.

Vijiti vilianguka. "Mama yupi?" mama aliuliza, kana kwamba walikuwa nao wengi.

"Mama yetu. Mapafu. Yuko kitandani tangu kabla ya mwaka kwisha. Alinikataza kukwambia, alisema utamkuta simuni akueleze mwenyewe, asikushtue."

"Kitandani? Decheng, Jumamosi amezungumza na Lingling! Wiki mbili zilizopita alikwenda sokoni!"

Sauti ya mjomba ikaja, kali na yenye machozi. "Jumamosi gani, dada? Hamjapiga simu tangu Desemba. Nilidhani umetusahau. Nilitaka kukupigia nikutukane, yeye akanizuia. Anasema, yuko kazini, ana watoto, atapiga akipata nafasi. Kila Jumamosi ameketishwa na mito, anasubiri."

Mama aligeuka polepole akamtazama Suzune.

"Labda mtandao..." Suzune alisema. Alianza kulia, na kule kulia kulitosha kuwa jibu.

Mama hakumpiga. Hakumfokea. Aliinuka, akaenda chumbani, akafunga mlango. Baba Kazuto alisimama nje ya mlango ule muda mrefu. Alipogeuka, alimwambia Suzune maneno machache tu: "Angewahi. Ungemwambia mama yako ukweli Jumamosi ile alipokuuliza, angewahi kumwona."

Mama aliondoka peke yake kesho yake alfajiri. Theluji ilichelewesha ndege, akalala njiani, na alipofika kijijini Laolao alikuwa amezikwa asubuhi ile ile. Habari hizo aliwapa kwa ufupi aliporudi baada ya siku kumi. Aliwapa kwa Kijapani.

Mwanzoni Suzune hakutambua. Mama alisema chakula tayari, kwa Kijapani. Akamwambia Mio apige mswaki, kwa Kijapani. Akamwita "Suzune". Siku ya tatu, madaftari ya miraba na vitabu vya herufi vilikuwa kwenye boksi, na boksi lilikuwa juu ya kabati, limefungwa kwa gundi ya karatasi.

"Mama, hatusomi leo?" Mio aliuliza Jumamosi ilipofika. Siku hizo mama alikuwa hajarudi kazini.

"Hatusomi tena. Nyinyi ni watoto wa hapa. Kijapani kinawatosha."

Alisema kwa upole, bila hasira, na hapo ndipo Suzune alipoogopa kweli. Kwa miezi mingi alitaka mama ambaye akiongea dukani hakuna anayegeuka. Sasa alimpata. Mama huyu aliongea kidogo, taratibu, akichagua maneno kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Hakutania. Hakuimba akikanda unga, na baadaye hata unga hakukanda.

Mwaka mpya wa Kichina ulifika katikati ya Februari. Kila mwaka mama alitengeneza jiaozi, wote wakakaa kuzifunga nyama na kabichi ndani ya vipande vya unga, hata baba, ambaye za kwake zilipasuka zote majini. Mwaka huu mama alirudi kutoka kazini, akakaanga samaki, akalala mapema.

"Bibi," Mio alimwuliza Bibi Fumi, "jiaozi wanasemaje kwa Kichina kuwa zimeiva? Nimesahau."

"Mimi nitajuaje, mtoto wewe!" alisema Bibi Fumi. Lakini baadaye alimfuata Suzune aliyekuwa anasuuza vyombo, akachukua kitambaa na kuanza kumfutia.

"Miaka kumi na minne nimelalamika juu ya kelele za mama yako," alisema. "Kabichi zake zinanuka, redio yangu siisikii. Sasa redio naisikia vizuri kabisa, na siipendi." Akafuta bakuli lile lile mara mbili. "Nilipoolewa hapa nilitoka kijiji cha pili tu, na bado nililia mwaka mzima. Yeye alitoka ng'ambo ya bahari. Vitu viwili tu alikuja navyo ambavyo hatukuweza kumnyang'anya, lugha yake na mama yake. Unanielewa?"

"Nimemnyang'anya vyote," Suzune alisema.

"Mama yake alikuwa mgonjwa, hukumfanya wewe awe mgonjwa. Lakini hayo mengine, ndiyo, ni yako. Sasa utayafanyia nini? Utalia kwenye sinki langu mpaka kiangazi?"

Jumamosi iliyofuata mama alikwenda zamu. Suzune aliamka kabla ya Mio. Alipanda kiti, akalishusha boksi, akatafuta kamusi. Aliandika kwenye karatasi maneno aliyoyataka, akayafuta, akayaandika tena. Saa nne aliegemeza kishikwambi. Hakujua kama mjomba bado anakwenda na simu pale. Alipiga.

Ililia kwa muda mrefu. Alikuwa karibu kukata, ndipo ukatokea mkono mkubwa wenye nyufa, halafu sehemu ya dari, halafu uso wa Babu. Nyuma yake, mahali alipozoea kukaa, kiti kilikuwa kitupu. Sasa alikuwa amekaa mahali pa Laolao.

"Nani?" aliuliza.

"Babu, ni mimi. Lingling."

Suzune alitazama karatasi yake, lakini machozi yalikuwa yamefanya herufi zisisomeke, ikabidi aseme alivyoweza.

"Babu, mimi nilidanganya. Mama hakusahau. Mama aliniambia mimi nipige. Mimi sikupiga. Mimi... aibu. Niliona aibu kwa Kichina. Mama hana kosa."

"Decheng ameniambia," alisema Babu.

"Kuna jingine. Hakuna anayejua. Hata Mama." Alivuta pumzi. "Wiki ya pili, Laolao alipiga. Kishikwambi kililia hapa. Niliona picha yake. Sikupokea. Nilikilaza chini, nikaenda kucheza."

Babu aliangalia pembeni. Taya zake zilitikisika kama anatafuna kitu. Suzune alisubiri atukanwe, na alitaka atukanwe.

"Siku ile mimi ndiye niliyeishika simu," Babu alisema hatimaye. Suzune alikuwa hajawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. "Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Ilipolia bila kupokewa, akaniambia, acha, kule kwao kuna theluji, watoto wako nje wanacheza. Vizuri, wacheze. Hakukasirika. Lakini hakutaka tupige tena. Alisema atawasumbua."

Suzune aliinamisha kichwa mezani. Alilia kwa sauti, na Babu alimwacha alie. Hakumwambia anyamaze, hakumwambia si kitu. Alikaa tu pale kwenye kioo, akisubiri kama mtu aliyesubiri mengi maishani mwake.

"Mimi nimekasirika," alisema Babu, Suzune alipotulia. "Kwa hiyo usifikiri ni kitu kidogo. Lakini hukulazimishwa kunieleza hili la simu, na umenieleza. Jumamosi ijayo utapiga?"

"Nitapiga."

"Usiseme tu."

"Nitapiga, Babu. Saa nne ya huku."

"Mlete na mdogo wako. Nyumba hii ina kimya."

Jioni mama alipoingia, hakuvua koti. Mjomba alikuwa amempigia kazini kumwambia kwamba Suzune amezungumza na Babu. Alimkuta Suzune jikoni, boksi liko wazi mezani, Mio anajaza miraba kwa herufi zilizopinda. Suzune alisimama, akamweleza mama habari ya mlio ule kwa maneno yale yale aliyomwambia Babu, asije akaisikia kwa mtu mwingine.

Mama alikaa kwenye kiti na kufunika uso. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka Mio akaacha kuandika.

"Nisamehe, Mama," alisema Suzune kwa Kichina.

"Siwezi leo," mama alijibu, naye kwa Kichina, kwa mara ya kwanza tangu arudi. "Nataka, lakini leo siwezi. Usichoke kuningoja." Halafu akavuta daftari la Mio karibu, akalitazama. "Nani amekufundisha kuandika hivi? Mstari huu unashuka kwanza, ndipo unavuka. Leteni raba."

Jumamosi zilizofuata hazikuwa nyepesi. Kuna siku mama aliondoka mezani katikati ya somo. Lakini saa nne ilipofika Suzune alipiga, kila wiki, mama akiwepo na asipokuwepo. Mwezi Machi Rena alikuja kumwita wakati Babu akiwa simuni, akasimama mlangoni na viatu vyake vya matope.

"Naongea na babu yangu wa China," Suzune alimwambia. "Bibi yangu amefariki, amebaki peke yake. Ukitaka, ingia usubiri."

Rena aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti. Alisikiliza. Walipotoka nje alisema, "Kile nilichosema kuhusu sufuria..." na hakumaliza, uso umemwiva. Suzune alimwambia alishakisikia mara nyingi kichwani mwake, hakuhitaji kukisikia tena. Walitembea pamoja mpaka mtoni.

Mwezi wa Agosti, baada ya mavuno ya micheri, familia yote ilikwenda Fangzheng, hata Baba Kazuto, ambaye aliweza kusema maneno manne tu na kuyatumia yote kwa kila mtu. Kaburi la Laolao lilikuwa kando ya shamba la mpunga, na majani yalikuwa yameota juu yake. Waling'oa majani pamoja. Mama alipanga mikate ya mvuke kwenye sahani, kisha akamgusa Suzune begani.

"Mwambie."

Suzune alipiga magoti. Alikuwa amejiandaa kwa miezi mitano, na Kichina chake sasa kilikuwa kimenyooka. Alimweleza Laolao kila kitu, hata yale ya soko na soksi aliyoyatunga. Hakuna aliyejibu. Upepo ulipita kwenye mpunga, na kwa mbali mtu alikuwa anaita bata wake. Suzune alingoja kidogo, kama mtu anavyongoja simuni, halafu akaelewa kwamba hakuna cha kungoja.

Walipokuwa wanarudi, mama alitembea naye nyuma ya wengine.

"Nimekusamehe," alisema. "Sikumbuki siku gani. Niliamka asubuhi moja nikakuta nimekwisha kusamehe. Lakini nataka ulijue jambo hili, kwa sababu wewe si mtoto mdogo tena. Laolao alikuwa mgonjwa, na huenda angekufa hata ningekuwa pembeni yake. Uongo wako haukumwua. Ulichukua Jumamosi tano zilizokuwa zangu na zake, na hizo hakuna anayeweza kuzirudisha, si wewe, si mimi. Msamaha haurudishi kitu, Lingling. Unatuwezesha tu kuendelea kuishi pamoja."

"Najua, Mama."

"Siku nyingine ukiona aibu, hata ukinionea aibu mimi, njoo uniambie usoni. Itaniuma, lakini nitakaa nawe tuzungumze. Aibu ukiisema, tunaweza kuitafutia njia. Ukiificha, lazima useme uongo kuilinda, na kesho useme mwingine kuulinda ule wa jana. Na hiki Kichina sikufundishi ili nikutofautishe na wenzako. Nakufundisha ili watu wako wakikuita, uweze kuwaitikia."

Mbele yao Babu alikuwa amesimama njiani, amewageukia, mkono juu ya macho kuzuia jua.

"Anatungoja," mama alisema. "Nenda."

Suzune alikimbia akamfikia. Mzee akamkabidhi jembe alibebe, wakashika njia ya nyumbani, wao wawili mbele, akimweleza Babu kwa sauti kubwa jinsi baba yake anavyofunika micheri kwa wavu ili ndege wasiile.